Ukikosea namba ya akaunti, benki haivuti pesa irudi

Madukani Ngamiani, Tanga, utasikia: "Ukituma siko, wapigie benki tu, wanaivuta dakika hiyo hiyo." Si hivyo. Ukibonyeza 6 badala ya 9, pesa imeingia kwenye akaunti ya mtu mwingine, na kwa kawaida benki haiichomoi bila ridhaa yake au amri ya mahakama. Inachoweza ni kumtafuta na kumwomba. Ikiwahiwa, pengine kuzuia kiasi hicho kisitolewe huku madai yakichunguzwa. Kwa hiyo simu ipigwe mara moja, kisha uende tawini na kitambulisho na namba ya muamala, ile iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho (usiufute, jamani), uandike maombi.

Wengine hutegemea jina: lisipofanana, eti muamala utagoma wenyewe. Mara nyingi mfumo hufuata namba. Jina likitokea kabla hujathibitisha, limewekwa ulisome wewe.

Naye aliyepokea asijidanganye kuwa ni riziki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Akikataa, anayeshtakiwa ni yeye, si benki.