Sukari ndani ya mbu

Jumatatu moja niliingia chumba cha kufugia mbu nikakuta sakafu ya kizimba imejaa madume waliokufa. Pamba ilikuwa imekauka kabisa. Zamu ya Ijumaa ilikuwa yangu. Nilipaswa kuilowesha maji ya sukari kabla ya kuondoka, nami nikasahau. Madume wale walikuwa wametoka kwenye pupa Ijumaa hiyohiyo, na mbu mchanga asiye na sukari huishi siku mbili tatu tu. Hata ningewawekea damu wasingepona, kwa kuwa mdomo wa dume hauwezi kutoboa ngozi.

Nikieleza kisa hiki, watu hushangaa: mbu si anakula damu? Jike anakula, ndiyo, lakini hasa kwa ajili ya mayai, kwani protini ya kuyajenga iko humo. Sukari ni suala jingine. Lita moja ya damu yetu ina glukosi kama gramu moja tu. Jike la anofelesi, mbu wa malaria, hunywa miligramu mbili au tatu hivi za damu, kwa hiyo sukari anayoambulia humo ni mikrogramu mbili au tatu. Anaweza kuchoma protini ya damu ikampa nguvu, na Aedes aegypti, mbu wa dengi, hutegemea sana njia hiyo. Ndiyo maana huuma mara kwa mara na maua huyatembelea kwa nadra. Anofelesi wengi bado wanahitaji mbochi, yaani maji matamu ya maua.

Ukimpasua chini ya darubini jike aliyekula vyote viwili, utaona jambo ambalo mimi sijalizoea hadi leo. Damu iko nyuma, kwenye utumbo, nyekundu iliyoiva. Mbochi uko pembeni kwenye kifuko chake, gole kama la kuku, angavu kama tone la umande. Sukari huwekwa hapo kwanza, kisha huachiliwa kidogo kidogo kwenda utumboni, na utumbo hubaki na nafasi ya kupokea damu wakati wowote.

Ikifika utumboni, vimeng'enya huikata sukari ya mbochi kuwa glukosi na fruktosi. Tishu ya mafuta, iliyotanda ndani ya tumbo lote na kufanya kazi kama ini letu, huzipokea na kutengeneza akiba ya glaikojeni. Sukari ikizidi, hugeuzwa mafuta. Ile inayosafirishwa mwilini ni trehalosi, glukosi mbili zilizofungwa pamoja. Watafiti Wyatt na Kalf waliielezea kuwa sukari ya damu ya wadudu mwaka 1957. Namna zilivyofungwa huficha ncha zinazopenda kushambulia protini, ndipo mdudu anaweza kubeba sukari nyingi kwenye damu kuliko sisi bila kuumia.

Na safari? Watafiti Nayar na Van Handel walionyesha mwaka 1971 kwamba mbu anayeruka kwa muda mrefu huchoma kabohaidreti. Mafuta humsaidia akiwa ametulia na njaa, lakini mabawa yanayopiga zaidi ya mara 400 kwa sekunde hutaka sukari.

Mbung'o ni habari tofauti kabisa. Yeye, dume na jike, chakula chake ni damu. Misuli yake ya kuruka huchoma prolini, asidi ya amino itokanayo na damu hiyo. Prolini hugeuka alanini, asidi ya amino nyingine, alanini hurudi kwenye tishu ya mafuta, na mafuta yaliyomo hutumika kuijenga prolini upya. Akiba iliyo tayari huisha haraka, ndiyo maana mbung'o huruka vipande vifupi vya kasi kisha hutua.

Kujua kama mbu wa porini amekula mbochi ni rahisi. Mponde kwenye neli ya majaribio, mimina kemikali iitwayo antroni iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki, kisha subiri bila kupasha moto. Rangi ikigeuka kijani-buluu, kuna fruktosi, na fruktosi hiyo haikutoka kwa mtu aliyeumwa. Glaikojeni na trehalosi hazijitokezi mpaka upashe moto.

Napenda kipimo hiki kwa sababu kinaniambia nani ataishi. Vimelea vya malaria huhitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuambukiza, na mbu asiye na nguvu hafiki huko. Katika vijiji vya Bandiagara, Mali, watafiti walikata matawi yenye maua ya mti ambao kwetu Baringo huitwa mathenge. Mbu walionaswa walipungua, na majike wazee, wale wa hatari, walipungua zaidi. Tangu nisome hayo, nikienda kijijini kutega mbu sihesabu madimbwi peke yake. Naandika pia kila mmea uliochanua karibu na nyumba: mathenge, mbarika, gugu karoti, na saa maua yanapofunguka.