Ua la kudumu ni lipi? Tuitazame pareto

Ukisikia "ua la kudumu" usidhani ni ua lisilonyauka. Ua lenyewe hunyauka kama mengine. Kinachodumu ni mizizi na kitako cha mmea. Alizeti huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa, yote ndani ya msimu mmoja. Mmea wa kudumu hukausha vikonyo vilivyokwisha kuchanua, kisha huchipua upya pale pale.

Mfano ninaoupenda ni pareto, yale maua meupe yenye moyo wa njano yanayolimwa Molo nchini Kenya na Mufindi nchini Tanzania, ambayo hutengenezewa dawa ya kuua wadudu. Inataka nyanda za juu. Bila baridi itajaa majani mazuri tu, maua usiyaone. Ikipata mahali pake, shina moja huchumwa miaka 3 au zaidi.

Mbegu zake ni nyembamba na nyepesi mno: ziweke kiganjani, ukihema kwa nguvu zimeruka. Kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane, uzisie kwa mistari kitaluni, kisha uzinyunyizie udongo laini kama unavyotia chumvi mchuzini. Wengi huharibu hapa; huzifukia kama mahindi, halafu wanalaumu mbegu. Chipukizi dogo vile halina nguvu ya kupasua udongo mzito. Tandaza nyasi kavu na umwagilie taratibu. Miche ikichomoza, ziinue nyasi juu ya vijiti ziwe kivuli, na uzipunguze kidogo kidogo ili miche izoee jua kabla ya kuhamia shambani.

Shambani adui mkubwa ni maji yanayotuama, maana huozesha mizizi. Panda kwenye matuta, palilia bila kuchimba karibu na kitako, na msimu wa kuchuma ukiisha kata vikonyo vikavu.

Jambo moja huwashangaza wanaoanza: miche ya mbegu haifanani. Ua la pareto hupokea chavua kutoka shina jingine, kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili. Ndiyo maana ukipata shina linalobeba kuliko wenzake, lifunge utepe. Mvua zikianza, ling'oe, ulitenganishe kwa mikono, kila pande likiwa na mizizi yake na majani machache, kisha uyapande. Hayo yatafanana na mama yao.