Oili ya difu ya nyuma: ikague kabla mvua hazijafika

Magari madogo ya foo wili yanayotembea Mtwara na Lindi, kama RAV4, X-Trail, CR-V na Forester, hubeba oili kidogo mno kwenye difu ya nyuma, yaani chungu cha gia kinachozungusha magurudumu ya nyuma. RAV4 ya kizazi cha 3 inachukua nusu lita tu, sawa na chupa ndogo ya maji ya kunywa. Hiyo nusu lita ndiyo inayolainisha krauni (gia kubwa), pinioni (gia ndogo inayoizungusha) na beringi zake, na ndiyo inayoondoa joto lao. Ikivuja robo yake, au ikiingiliwa na nusu kikombe cha maji, hakuna akiba iliyobaki. Injini ikikosa presha ya oili, taa nyekundu huwaka. Difu haina taa. Huanza kulia, na ikishaanza kulia chuma kimekwisha kulika.

Sehemu hii husahaulika kwa sababu sevisi nyingi huishia kwenye oili ya injini na filta. Mwenye gari analipa na kuondoka akiamini kila kitu kimeguswa. Mwambie fundi waziwazi kwamba unataka na difu ifunguliwe, kisha simama uone plagi ikitoka.

Hakikisha kwanza kwamba gari lako lina difu ya nyuma. Baadhi ya RAV4, X-Trail na CR-V zilizoingia nchini zinavutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na hizo hazina. Chungulia chini katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukiona chungu cha chuma au aluminiamu, ukubwa wa nazi yenye makumbi, kimeingiwa na propela (shafti ndefu inayotoka mbele ya gari) kwa mbele na shafti mbili kwa pembeni, hiyo ndiyo difu. Usitegemee maandishi ya 4WD kwenye mlango wa nyuma pekee, maana milango hubadilishwa.

Oili ya difu haifanani na ya injini, na sababu iko kwenye umbo la meno. Pinioni haikutani na krauni katikati. Imewekwa chini kidogo ya kitovu chake. Kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanateleza yakiwa yamebanana kwa nguvu kubwa. Oili ya kawaida ingekamuliwa ikatoka, chuma kikagusa chuma. Oili ya difu ina viambato vya salfa na fosforasi ambavyo, meno yakipata joto, hutengeneza utando mwembamba juu ya chuma na kuzuia meno kugandana. Ile harufu kali ya yai bovu unapofungua dumu inatokana na salfa hiyo.

Kwenye dumu tafuta maandishi API GL-5, ambalo ni daraja la oili ya gia, pamoja na namba ya uzito. Kwa joto la pwani yetu 80W-90 inafaa magari mengi, ingawa Toyota za karibuni zinataka 75W-85, na Forester hutumia 75W-90. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. GL-4 haitoshi kwa difu ya namna hii. Na kinyume chake, usichukue GL-5 iliyobaki ukaiweka kwenye gia boksi ya mkono inayotaka GL-4, kwa sababu viambato vyake vinaweza kula shaba ya pete za kuunganishia gia.

Honda CR-V ina sheria zake. Ndani ya difu ya nyuma ya zile za hadi 2011 mna pampu mbili na klachi ya sahani, na oili yake ni ya pekee, inaitwa Dual Pump Fluid II. Ukiweka gia oili nzito ya 90, klachi haitashika na kuachia inavyotakiwa. Oili hiyo ikichoka, gari hunguruma na kutetemeka kwa nyuma unapokata kona kali, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Wengi hukimbilia kubadilisha beringi za magurudumu, na mlio hauondoki. Anza na oili. Mwaga, jaza mpya, kisha zungusha gari taratibu uwanjani kwa umbo la namba 8, kulia na kushoto, ili oili mpya ipenye kwenye sahani. Kama mlio umepungua bila kwisha, badilisha mara ya pili kabla ya kufungua chochote.

Vipimo vya magari yanayoonekana sana huku ni hivi: RAV4 ya 2001 hadi 2005 lita 0.9, iliyoifuata (kizazi cha 3) lita 0.5, X-Trail zenye kodi ya bodi T30 na T31 lita 0.55, Forester lita 0.8, CR-V za hadi 2011 lita 1 unapobadilisha. Hivi vikusaidie kununua, lakini kipimo cha mwisho ni mdomo wa tundu la kujazia.

Kukagua kunachukua kama dakika kumi. Gari lisimame pahali tambarare kabisa. Ukilinyanyua nyuma peke yake oili inahama na kipimo kinadanganya, kwa hiyo ama tumia shimo la gereji, ama nyanyua pande zote nne na uweke stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, hasa kwenye kichanga chetu ambacho jeki huzama taratibu bila wewe kuona. Weka ubao mpana na mnene chini yake.

Utaona plagi mbili. Ya juu ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. Futa matope kuzunguka ya juu kwa brashi na kitambaa, vinginevyo mchanga utadondokea ndani. Toyota nyingi hufunguka kwa boksi ya 24 mm au spana L ya 10 mm. CR-V na Forester za zamani zina tundu la mraba, la inchi 3/8 na la nusu inchi, linaloingia kichwa cha recheti chenyewe. Ukiisha kuifungua, ingiza kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza na ukikunje kuelekea chini. Oili iwe kwenye mdomo wa tundu, au chini yake kwa milimita 5 tu. Kidole kikirudi kikavu, kuna mahali inapotoka: mara nyingi ni sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya pinioni, pale propela inapoingilia, au sili za shafti za pembeni. Kuongeza bila kutafuta uvujaji ni kuahirisha.

Sasa itazame oili iliyobaki kidoleni. Mpya ina rangi ya asali. Iliyotumika huwa kahawia hadi nyeusi, na weusi peke yake hauogopeshi. Isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini, sawa. Ukihisi chengachenga, badilisha leo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari lisitembezwe safari ndefu hadi imwagwe.

Maji huingiaje kwenye chungu kilichofungwa? Ukiendesha kutoka Nangurukuru hadi Lindi, difu inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Juu yake kuna tundu dogo la kupumulia, lenye kifuniko au mpira mwembamba, linalotoa hewa hiyo. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na difu inavuta pumzi. Kama tundu limezibwa na udongo, au nalo liko ndani ya maji, difu itavuta kupitia kwenye midomo ya sili, na kinachoingia ni maji. Tundu hilohilo likiziba wakati wa kiangazi, presha husukuma oili nje kwenye sili. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kununua sili mpya, safisha tundu la kupumulia na uhakikishe kifuniko chake kinacheza. Sili nyingi hulaumiwa kwa kosa lisilo lao.

Huku Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na mwanzo wake hukutana na korosho, magari yakiingia vijijini Tandahimba, Newala na Liwale. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Gari lolote lililovuka maji yaliyofika katikati ya tairi, oili ya difu ikaguliwe wiki hiyohiyo. Usisubiri kilomita. Kwa matumizi ya kawaida tunashauri kukagua kila kilomita 10,000 na kubadilisha kila 40,000. Anayeshinda kwenye kichanga cha uwanda wa Makonde, ambako magurudumu ya nyuma yanaitwa kazini kila wakati, abadilishe kila 20,000.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna kanuni moja isiyovunjwa: fungua plagi ya kujazia kwanza. Zipo zilizoshikwa na kutu, hasa magari yanayolala karibu na bahari Mikindani au Kilwa Masoko. Ukimwaga oili kwanza, kisha ya juu ikagoma, gari limekwama hapohapo likiwa tupu. Ya juu ikishalegea, ikaze tena, tembeza gari dakika 15 oili ipate vuguvugu, rudi, weka beseni, fungua ya chini.

Plagi ya kumwagia kwa kawaida ina sumaku. Tope laini la kijivu lililoshikamana nayo kama grisi ni ulikaji wa kawaida, futa urudishe. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au kipande chenye umbo la jino, ni habari nyingine: oili mpya haitaponya hapo, difu ifunguliwe. Weka washa (pete ya plagi) mpya, kwani ya zamani imeshabonyea na haitabana tena. Kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Magari mengi ya daraja hili yanataka kama Nm 40 hadi 50. Anayening'inia kwenye bomba refu huharibu uzi wa tundu la aluminiamu, na kutengeneza uzi ni ghali kuliko oili na kazi yote.

Kwa kuwa dumu haliwezi kuinamishwa pale chini, jaza kwa bomba kubwa la sindano la ml 50 lenye mpira mwembamba. RAV4 ya nusu lita itakula kama mara kumi. Oili ikianza kuchuruzika kwenye tundu, acha hadi ibaki matone, kisha funga. Usibandike plagi haraka ili ibaki nyingi, maana oili iliyozidi hupigwa na krauni ikawa povu, na povu halilainishi.

Milio nayo inasomeka. Uvumi unaopanda unapokanyaga mafuta na kubadilika unapoachia unatoka kwenye meno ya krauni na pinioni. Mngurumo usiobadilika kwa mguu, unaofuata mwendo wa gari tu, ni wa beringi. Kishindo kimoja unapoingiza gia kinaweza kuwa jointi ya propela, kwa hiyo ishike propela kwa mkono uitikise kabla ya kuhukumu difu.

Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma hufanya ekseli zizunguke kwa mwendo tofauti, na kifaa kinachoziunganisha kikakaa moto safari nzima. Na gari likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu ya nyuma yakiwa chini na ya mbele yameninginizwa. Libebwe lote juu ya gari la kubebea.

Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko na uikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali. Isimwagwe kwenye mtaro wala kupakwa nguzo za uzio karibu na kisima.