Fotoni na sumaku: mbona sumaku haing'ai gizani?

Vitabu vya fizikia vya ngazi ya juu husema kwamba kani ya sumakuumeme hubebwa na fotoni, yaani chembe za mwanga. Anayesoma hivyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza: ikiwa sumaku mbili huvutana kwa fotoni, mbona hazing'ai gizani? Na mbona mwanga wa tochi ukipita kati yake haupindi?

Jibu linaanzia kwenye uga, yaani eneo linalozunguka kitu ambamo nguvu yake ya umeme au ya sumaku huhisika. Kila chaji ya umeme imezungukwa na uga wa umeme, na ikiwa katika mwendo huwa na uga wa sumaku pia. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba nyuga hizi mbili hazitengani: wa umeme ukibadilika huzaa wa sumaku, wa sumaku ukibadilika huzaa wa umeme, na kwa kuzaana hivyo huweza kuacha chanzo chao na kusafiri kama wimbi. Alipokokotoa kasi ya wimbi hilo alipata takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya mwanga. Kumbe mwanga wenyewe ni umeme na sumaku vinavyosafiri pamoja.

Na sumaku hiyo ya mwanga si ya kwenye karatasi tu. Jua kali la mchana lina uga wa sumaku unaofikia takriban maikrotesla 3 (maikrotesla ni kizio cha kupimia ukali wa uga wa sumaku), wakati uga wa dunia, ule unaoongoza dira, ni kati ya maikrotesla 25 na 65. Dira haitikisiki juani kwa sababu uga wa mwanga hugeuka huku na huku mamia ya matrilioni ya mara kila sekunde. Hakuna sindano inayoweza kuufuata.

Fotoni ni fungu dogo kabisa la nishati ya wimbi hilo. Max Planck alianza kudokeza wazo la mafungu mwaka 1900, Albert Einstein akalisema waziwazi kuhusu mwanga mwaka 1905. Ukubwa wa fungu hutegemea masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde: fotoni moja ya mwanga wa kijani ina nishati zaidi ya mara milioni 5 ya fotoni ya redio ya FM inayorusha kwenye megahezi 100.

Sasa turudi kwenye sumaku iliyotulia mezani. Uga wake haubadiliki, kwa hiyo hakuna wimbi linaloondoka, hakuna nishati inayotoka, na hakuna fotoni ya kuonekana. Zile fotoni "zinazobeba kani" ni fotoni dhahania: ni namna ya kukokotoa jinsi chaji mbili zinavyoathiriana kupitia uga, na hakuna kifaa kinachoweza kuzinasa njiani. Mfano maarufu wa watu wawili wanaorushiana mpira naona unapotosha, kwa sababu unaeleza kusukumana tu. Kuvutana hauwezi kukueleza.

Hata hivyo hesabu hizo zina ushahidi mzito. Elektroni yenyewe ni sumaku ndogo. Nadharia ya Paul Dirac ilitoa namba 2 kamili kama kipimo cha usumaku wake, lakini vipimo vya maabara vikatoa takriban 2.00232. Mwaka 1948 Julian Schwinger alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ziada hiyo hutokana na elektroni kutoa fotoni dhahania na kuimeza tena.

Kuhusu tochi: uga wa sumaku husukuma chaji iliyo katika mwendo, na fotoni haina chaji. Michael Faraday, mwaka 1845, alipitisha mwanga ndani ya kioo kizito kilichowekwa kwenye sumaku kali, akaona mwelekeo wa mtetemo wa mwanga umezunguka. Lakini pale sumaku iliathiri elektroni za kioo, nazo ndizo zilizougusa mwanga.

Fotoni pia haina tungamo, na ndiyo maana uga wa sumaku hufika mbali sana. Ingekuwa na tungamo, hata dogo mno, uga ungefifia haraka zaidi kadiri unavyoenda mbali. Chombo cha anga cha Pioneer 10 kilipopita karibu na Mshtarii mwaka 1973, kilipima uga wa sayari hiyo, na wanafizikia waliochambua vipimo hivyo hawakuona dalili yoyote ya kufifia kwa namna hiyo.