Mchungaji Mpweke: pumzi inayosikika

Nafundisha filimbi, na ni nadra muhula kupita bila mwanafunzi kunijia na simu mkononi: "Mwalimu, nataka wimbo huu." Mara nyingi ni Der einsame Hirte, yaani Mchungaji Mpweke. Aliutunga James Last, Mjerumani mzaliwa wa Bremen, akaupuliza Gheorghe Zamfir wa Romania, ukatoka mwaka 1977. Mwaka 2003 Quentin Tarantino aliutia kwenye filamu ya Kill Bill, na vijana wengi wameukuta huko.

Lakini filamu haitoshi kueleza mapenzi haya. Ni muziki wa filamu ngapi tumekwisha kuusahau? Kwangu mimi siri imo ndani ya chombo chenyewe.

Waromania wanakiita nai, jina lililowafikia kupitia kwa Waturuki, na ndilo hilohilo wapigaji wa taarab Zanzibar wanaloiita filimbi yao. Ila nai ya taarab ni mwanzi mmoja wenye matundu. Ya Romania ni safu ya mianzi, kila mmoja na sauti yake, yote imezibwa chini. Ndani hutiwa nta: ukiongeza nta, nafasi ya hewa inapungua na sauti inapanda. Mwanzi wenye nafasi ya sentimita 19 na nusu hivi hutoa noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ile ambayo okestra hulinganishia vyombo.

Nusu-toni, yaani sauti zilizo katikati ya mwanzi mmoja na wa jirani yake, hazina mwanzi wake. Mpulizaji huzitafuta kwa kuinamisha chombo, mdomo wa chini ukafunika tundu kidogo, sauti ikashuka. Sasa msikilize Zamfir anavyoingia kwenye noti. Haigongi. Anaianzia chini kidogo, kisha anaipandisha taratibu, kama mtu ambaye kilio kimemfika kooni. Na kabla ya noti unasikia hewa yenyewe, fuu, ikipita juu ya mwanzi. Piano haiwezi hivyo. Ni sauti ya binadamu isiyo na maneno, kwa hiyo kila msikilizaji anaweka majonzi yake mwenyewe mle.

Ndiyo maana anayeniomba wimbo huu simpi noti kwanza. Nampa mwanzi mmoja uliozibwa: apulize, aishushe sauti nusu-toni, airudishe, pumzi isikatike. Wengi huhangaika nao wiki kadhaa. Siku mmoja wao anapoipata, darasa zima hunyamaza na kugeuka kumtazama, na wimbo bado hata haujaanza.