Rangi ya friji ikibanduka Tanga, anza na chumvi

Friji iliyoko Raskazone, ufukweni Tanga, haizeeki sawa na iliyoko Lushoto milimani. Upepo wa baharini hubeba chumvi isiyoonekana, ikatua kwenye bati, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Rangi ikiwa nzima hakuna neno. Ikibanduka hata kiasi cha punje ya mchele, chuma kiko wazi, na bati lenyewe ni jembamba, kwa kawaida halifiki milimita 1. Kutu ikishaanza huvimba na kuinua rangi ya pembeni kutokea chini.

Kwa hiyo sioni sababu ya kukimbilia rangi. Ukipaka juu ya chumvi, kazi itapendeza wiki chache, kisha itatoka malengelenge. Chomoa umeme kwanza. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, halafu suuza mara 2 kwa maji baridi. Maji ya kisima cha magadi usiyatumie, utakuwa unarudisha ulichoondoa. Kausha, ufute kwa spiriti.

Sasa msasa. Namba 240 kwenye kutu mpaka chuma king'ae, kisha 400 kulainisha ukingo wa rangi ya zamani. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Ukisikia ngazi, rudia, maana ngazi hiyo itaonekana hata chini ya tabaka 3 za rangi. Usichokoe kutu kwa bisibisi. Friji nyingi zina mabomba ya gesi nyuma ya bati la ubavuni (ndiyo maana ubavu huwa wa moto), na gesi ya kupoozea iitwayo R600a inashika moto. Bomba likitoboka, kazi si ya rangi tena.

Chuma kilichosuguliwa kipake praima (rangi ya msingi) siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu, kukiacha kilale usiku ni kukirudisha kwenye kutu. Chini ya rangi nyeupe napendelea praima ya kijivu, kwa sababu ile nyekundu hung'ang'ania kuonekana. Ikikauka, isugue kidogo kwa msasa 600.

Rangi ya spreyi ya vyombo vya nyumbani inafaa. Ukiikosa, wachanganyaji wa rangi za magari watakulinganishia, ila wapelekee kitu chenye rangi ile ile, maana friji nyeupe ya miaka mingi huwa imeshaelekea manjano. Funika raba ya mlango kwa gazeti na tepu. Piga tabaka 3 nyepesi, ukiacha dakika 20 hadi 30 kati yake, au fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka moja zito litatiririka. Wakati wa masika subiri siku yenye jua, ufanye kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Unyevu ukizidi rangi hupauka kama imemwagiwa maziwa.

Ndani ya friji usipake kitu. Ni plastiki, thina huipasua, na chakula kinakaa humo.

Jiko la enameli ni habari nyingine: enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Karibu na moto, rangi ya friji itaungua. Tafuta ya kuhimili joto. Bati la stenlesi halipakwi, husuguliwa kufuata mistari yake, na kamwe si kwa steliwulu ya kawaida, kwa kuwa vumbi lake la chuma hubaki na kuota kutu.

Kabla ya kurudisha friji ukutani, ilaze nyuma kidogo uangalie ukingo wa chini. Maji ya kudekia huishia hapo, na mara nyingi hapo ndipo kutu ilipoanzia.