Je, Wajua kwa Nini Utando wa Ukucha Haufai Kukatwa?

Harusi ikishapita miezi miwili, mtazame bibi harusi mikononi. Maua ya hina yaliyomjaa toka viganjani hadi viwikoni yameshatoka kitambo, kwa sababu ngozi hujivua kila siku na rangi huondoka nayo. Kuchani mambo ni mengine. Hina ingalipo, imekoza vilevile, ila imesogea mbele, na nyuma yake pamebaki ukanda mweupe wa kama milimita 6. Huo ni ukucha mpya, uliozaliwa baada ya harusi. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, wa mguu karibu nusu ya hapo. Ndiyo maana ukucha wa mkono huwa mpya wote kwa muda wa miezi 6, na ule wa dole gumba la mguu waweza kuchukua hata mwaka na nusu.

Sasa sogeza macho hadi pale ukanda ule unapoanzia. Utaona ngozi imejikunja juu ya ukucha, na mbele ya ngozi hiyo kuna utando mwembamba, mkavu, umegandamana na ukucha wenyewe. Utando huo ndio unaowakera wengi. Kila msimu wa harusi, saluni za Mombasa huukata kwa kikoleo chenye ncha kali ili kucha zionekane ndefu na rangi ikae sawa. Siku mbili tatu baadaye mmoja kati ya waliokatwa ataamka usiku, kidole kinampwita.

Mafundi wa majahazi hutia kalafati baina ya mbao, pamba iliyoloweshwa mafuta, ili maji yasipenye chomboni. Utando wa ukucha ni kalafati ya kidole. Chini ya ngozi ile, milimita chache ndani, ndiko uliko mzizi unaotengeneza ukucha. Kijimwezi cheupe unachokiona kwenye gumba ni sehemu ya mzizi huo inayochungulia nje. Kati ya ngozi na ukucha pana upenyo kama mfuko mdogo, na mdomo wa mfuko huo umezibwa na utando. Ukiutoa, maji, sabuni, unga, vijidudu, vyote vimepata njia ya kuingia hadi mlangoni pa mzizi.

Hapa pana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Utando wenyewe umekufa, haumi wala hautoki damu. Ngozi ya ukingo iliyo nyuma yake ni hai, ina damu na hisia. Aliyeshika kikoleo hana namna ya kuona kwa uhakika kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, hasa ngozi ikiwa imelowa na kuvimba kwa maji. Kwa hivyo anayesema anakata utando tu, mara nyingi amekwisha gusa ngozi hai. Ukiona hata tone la damu, jua hivyo.

Khaleti wangu, dada wa mama, alikatwa hivyo siku tatu kabla ya harusi ya bintiye. Siku ya kupamba, kidole chake cha kati kilikuwa chekundu upande mmoja wa ukucha, kimevimba, kinang'aa kama embe dodo lililoiva. Kila aliyeingia alitoa dawa. "Mdudu huyo," alisema nyanya, "mvisheni ndimu." Ikatobolewa ndimu, akavishwa kidoleni kama kofia. Alilia machozi.

Mdudu, au kaka kama wengine wanavyouita, hauna mdudu ndani yake. Jina limetokana na maumivu: kidole hupwita na kutekenya kana kwamba kitu kinatembea. Kilichomo ni usaha, na mara nyingi mwenye kuuleta ni bakteria aitwaye stafilokoka, ambaye huishi juu ya ngozi za watu wengi wazima bila kuwadhuru mpaka apate tundu la kuingilia. Ndimu haifiki kwenye usaha. Asidi yake huchoma tu ngozi iliyokwisha jeruhika, na maji ya ndimu yakipigwa na jua la mchana, hata ngozi isiyo na jeraha huweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki kadhaa.

Kinachosaidia mwanzoni, kabla usaha haujatunga, ni kuloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hivi, mara tatu au nne kwa siku, kisha kukikausha vizuri. Usaha ukishaonekana, kazi hiyo ni ya daktari au muuguzi. Usitoboe kwa sindano ya nyumbani. Wekundu ukianza kupanda mkononi, au homa ikiingia, usisubiri asubuhi. Na ukiona vilengelenge vidogo vilivyosongamana mahali pamoja badala ya usaha, visitobolewe kabisa, kwani huenda ni virusi vya hapesi, ambavyo tiba yake ni nyingine.

Kuna aina ya pili isiyokuja kwa kishindo, nayo hunisikitisha zaidi kwa sababu inawapata watu kazini. Mtazame mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, akipara samaki: mikono majini tangu alfajiri, chumvi, magamba, miiba, kisha sabuni, kisha maji tena. Au mama anayefua nguo za watu nyumba kwa nyumba. Mikono ikirowa na kukauka, ikarowa tena, utando hulainika na kubanduka wenyewe bila kukatwa na mtu. Ngozi ya ukingo hubaki imevimba wiki 6 na zaidi, na ukucha huanza kupata mabonde. Ukungu aina ya kandida hupenda mahali kama hapo, lakini chanzo hasa ni ule unyevu na mwasho wa sabuni, na ndiyo maana mtu hununua dawa ya ukungu duka la dawa akapaka mwezi mzima bila kupona. Avae glovu za mpira, na ndani yake glovu nyepesi za pamba ili jasho lisikae, na kila akitoa mkono majini aupanguse hadi katikati ya vidole. Daktari anaweza kumpa krimu ya kutuliza uvimbe. Kalafati mpya huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kujijenga. Maji ya dakika chache, kama ya udhu, hayana neno kwa ngozi nzima.

Kama unataka kucha nadhifu, na ni haki yako kutaka, fanya baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini. Paka mafuta ya nazi au ya ufuta kidogo, sugua taratibu kwa ncha ya taulo, sukuma ule utando uliokufa nyuma kidogo tu, uache. Kigozi kilichochomoza pembeni usikivute kwa meno. Kikate kwa mkasi safi pale kilipoishia kufa. Dawa za kuyeyusha utando zinauzwa, na nyingi zina magadi makali, kwa hivyo ziondoshwe kwa muda ulioandikwa na zisipakwe penye kidonda. Na kusukuma kukizidi nako hudhuru: wapo wenye mazoea ya kukwaruza mzizi wa gumba kwa kidole cha shahada wakiwa wanafikiri, na ukucha wao hutoka na mifuo mifuo kama bati la paa.

Saluni, nenda na vifaa vyako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Kupangusa kikoleo kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Kinatakiwa kisuguliwe kwa sabuni kwanza, kisha kiingie mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Chanjo ya homa hiyo ipo, lakini Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2001, kwa hivyo wengi wetu waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Inafaa kuiulizia.

Miguuni, uliza pia beseni limeoshwaje. Mwaka 2000, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha huko California, Marekani, walitoka majipu miguuni. Chanzo kilipatikana ndani ya mashine za kuoshea miguu, nyuma ya vichujio, ambako nywele na ngozi za wateja zilikuwa zimejazana. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walipatwa zaidi, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo. Beseni la plastiki la kawaida, linalosuguliwa baada ya kila mtu, ni salama kuliko mashine yenye mabomba usiyoona ndani yake. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe. Mwenye kisukari asikubali kikoleo miguuni kabisa, maana huenda hata asihisi alipokatwa.

Khaleti alipasuliwa kidole siku ya tatu baada ya harusi, usaha ukatoka, usiku ule akalala. Wiki kadhaa baadaye, mfuo mmoja ulichomoza kutoka mzizini, umekata ukucha kwa upana, alama ya siku zile mzizi ulipodhurika. Ulisogea mbele polepole, mwezi kwa mwezi, na hina ya harusi ya bintiye ikiwa mbele yake. Hina ilimalizika kwanza. Mfuo ulipofika ncha, aliukata mwenyewe barazani, akatuonyesha.